Ramani ya Milima ya Masaku

Kilimambogo huonekana mapema. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Kangundo, kabla hujafika Joska, mlima umeshajitokeza upande wa kaskazini ukiwa peke yake kwenye tambarare, mabega yake yamevaa msitu na asubuhi nyingi kilele kimefunikwa na wingu. Urefu wake ni mita 2,145 kutoka usawa wa bahari. Wamaasai wanauita Ol Donyo Sabuk, Wakamba wanauita Kyanzavi, Wakikuyu Kianjahi. Serikali iliufanya hifadhi ya taifa mwaka 1967, na nyati walioupa jina lake la Kiswahili bado wamo msituni, ndiyo maana anayetaka kupanda kwa miguu husindikizwa na askari wa wanyamapori.

Kwenye njia ya kupandia kuna makaburi. Mmoja wa waliozikwa hapo ni William Northrup McMillan, mlowezi tajiri aliyezaliwa Marekani na kufariki mwaka 1925. Mkewe, Lucie, naye amelazwa hapo, na jina la familia hiyo limebaki pia kwenye maktaba ya katikati ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1931. Wageni hupiga picha makaburini, hupanda hadi kileleni, hutazama Mto Athi ukimeta chini kuelekea Maporomoko Kumi na Manne, kisha hurudi mjini. Wengi wao huondoka bila kuambiwa kwamba walikuwa wamesimama kwenye ukingo wa mashariki wa nchi takatifu ya Wakikuyu.

Jomo Kenyatta aliieleza nchi hiyo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Makao makuu ya Ngai, Mungu wao, duniani ni Kirinyaga, Mlima Kenya. Ana makao mengine madogo: Nyandarua upande wa magharibi, kilima cha Ngong upande wa kusini, na Kianjahi upande wa mashariki. Chukua karatasi, weka milima hiyo minne mahali pake na mashamba ya watu katikati, utakuwa umepata ramani. Haina maili wala nyuzi, lakini mtu aliyelelewa ndani yake alijua yuko wapi na ageukie wapi wakati wa shida. Na ule mlima wa mashariki, kwa mipaka ya leo, umo katika Kaunti ya Machakos, nchi ya Wakamba, wenye milima yao mingine wanayoisimulia kwa namna yao.

Safari hii ya Machakos niliifunga kwa sababu ya picha za mbali sana na hapa. Wanewar ni wenyeji wa kale wa Bonde la Kathmandu huko Nepal. Kwa karne nyingi wachoraji wao, wengi wakiwa wa ukoo wa Chitrakar, wamechora kwa mkono juu ya nguo picha takatifu ziitwazo paubha, na zimo zinazoonyesha bonde lenyewe: mito, mabwawa ya kuogea, kilima cha Swayambhu na kuba lake jeupe, mahekalu, na mahujaji wakiwa njiani. Mji wa Bhaktapur wameuchora kama duara. Miungu mama wanane wameuzunguka kuulinda, na wa tisa, Tripurasundari, amekaa katikati. Mpima ardhi akizishika picha hizi atasema zimejaa makosa, maana hekalu laweza kuzidi mlima kwa ukubwa na mto ukapindishwa ili upite panapostahili. Mchoraji wa Kinewar alipima kwa heshima. Kilicho kikubwa kwenye nguo yake ni kile ambacho watu hukiendea kwa magoti.

Ndani ya ramani hizo imo pia historia. Swayambhu Purana, kitabu chao kitakatifu, kinasimulia kwamba bonde lote lilikuwa ziwa, mpaka Manjushri alipolipasua korongo la Chobar kwa upanga wake, maji yakatoka, watu wakapata pa kulima. Wanajiolojia nao wanakubali kwamba bonde hilo liliwahi kuwa ziwa. Hadithi ilikuwa imeshalisema hilo kwa lugha yake, na wachoraji wakalitia rangi.

Machakos sikukuta nguo ya namna hiyo ukutani mwa mtu. Nilichokuta ni kila kitu kinachohitajika ili ichorwe.

Matatu kutoka Nairobi hufuata barabara ya Mombasa, hupita Syokimau, Mlolongo na Athi River, kisha huacha barabara kuu pale Kyumvi na kuanza kuelekea milimani. Hata jina la Syokimau limetoka kwenye ramani ya kale. Alikuwa nabii wa Kikamba, na inasimuliwa kwamba aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka baharini, na watu wenye ngozi ya rangi ngeni wakibeba moto mifukoni. Reli ilipofika, watu walimkumbuka. Kituo cha treni chenye jina lake kilifunguliwa mwaka 2012, na mwaka 2017 stesheni ya Nairobi ya reli mpya ya SGR ikaanza kazi katika eneo hilohilo. Maelfu hupita hapo kila siku wakitaja jina la mwanamke huyo bila kutafakari kwamba mahali pale pameshikwa na unabii.

Mji wa Machakos wenyewe una jina la mtu wa aina hiyohiyo. Masaku alikuwa mganga na mwaguzi aliyeishi sehemu hizi kabla ya Waingereza, na Wakamba hadi leo wanauita mji huo Masaku. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga boma lake hapa mwaka 1889, na kwa miaka kumi hivi Machakos ikawa makao ya utawala wa bara. Reli ikapita pembeni, kupitia tambarare za Athi, ikafika Nairobi mwaka 1899, na makao yakahamia huko. Mji ukabaki kati ya milima yake: Kiima Kimwe upande mmoja, Mua upande mwingine, na Iveti nyuma, mrefu na wa kijani, ukingo wake umekatwa matuta toka chini hadi karibu na msitu.

Kwenye kibaraza cha duka upande wa Mutituni nilimkuta mzee aliyekuwa akingoja gari lililokawia. Tulisalimiana, tukazungumza juu ya mvua, kama ilivyo desturi ya Ukambani, maana huko mvua huulizwa kama jamaa aliye safarini. Nilipomwambia natafuta mtu wa kunionyesha milima, hakunyoosha kidole. Aliinama, akalaza mchanga kwa kiganja, akaanza kuchora.

Hakuanza na mji. Alianza na Mto Athi. Aliutoa upande wa Nairobi, akaupandisha hadi kwenye Kyanzavi, hapo akaukunja na kuuteremsha upande wa mashariki hadi mchanga ukaisha. Ndivyo mto huo ulivyo kweli. Huizunguka nchi ya Machakos kaskazini na mashariki, hufuata mguu wa uwanda wa Yatta, na mwishoni, ukiwa na jina la Galana na kisha Sabaki, huingia baharini kaskazini mwa Malindi. Uwanda wa Yatta aliuweka kwa ukuti mkavu mrefu. Wanajiolojia wanasema uwanda huo ni mtiririko wa lava wa karibu kilomita 300, mmoja wa mirefu zaidi duniani, na kwamba chanzo chake kiko upande wa Kilimambogo. Mzee hakutaja lava, lakini ule ukuti aliuanzisha pale mlimani.

Halafu akaokota vijiwe. Kimoja Kyanzavi, kimoja Iveti, kimoja Mua, kimoja Mbooni. Mji wa Machakos akaupa kifuniko cha soda. Jiwe kubwa kuliko yote alilichagua kwa makini, akaligeuza mara mbili mkononi, akaliweka mbali upande wa kusini-mashariki.

"Nzaui," alisema. "Tulitokea hapo."

Kwa mita, Nzaui ni mfupi kuliko Kilimambogo. Kwenye mchanga wa mzee ulikuwa mkubwa mara tatu. Hadithi yake imeandikwa na wengi na ingali inasimuliwa: Mulungu alipowaleta watu wa kwanza duniani, mwanamume na mwanamke pamoja na mifugo yao, aliwashushia kwenye jabali la Nzaui, wakati mwamba ungali mlaini, na nyayo zao zingali zinaonekana pale. Mlima huo leo umo katika Kaunti ya Makueni, maana Makueni ilitengwa na Machakos mwaka 1992. Mpaka huo wa utawala haukumhusu mzee. Kwake, Nzaui na Iveti ni nchi moja, na ukoo fulani ukihama kutoka Mbooni kwenda Iveti au kuvuka Athi kwenda Kitui, bado unajua jiwe lake liko wapi.

Miguuni mwa Nzaui ndipo pia Ukristo wa bara ulipoweka kituo chake kimojawapo cha mwanzo. Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walifika mwaka 1895, na mwaka uliofuata Scott akafa kwa homa, akazikwa huko. Kanisa la AIC, lililotokana na misheni hiyo, leo limeenea Ukambani kote. Kwa hiyo mlima uleule una nyayo za watu wa kwanza na kaburi la mmisionari huyo, na Wakamba wengi niliozungumza nao huzitaja habari zote mbili kwa pumzi moja.

Nilimwuliza mzee kuhusu mathembo. Hapo alikaa kimya kidogo, akatazama barabarani.

Ithembo ni mahali pa sadaka: kichaka cha miti mikubwa, mara nyingi ya jamii ya mkuyu, ambapo wazee walikwenda kumwomba Mulungu wakati wa ukame, maradhi au kabla ya kupanda. C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu yake mwaka 1910, na Msweden Gerhard Lindblom, aliyekaa Ukambani kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, akaeleza kwa upana zaidi katika kitabu chake cha mwaka 1920. Mti wa ithembo haukatwi. Kuni hazikusanywi humo. Wazee waliokabidhiwa kazi hiyo ndio walioingia na mbuzi, maziwa, pombe na nafaka, na kinamama walikuwa na nafasi yao, wakiimba na kucheza ngoma ya kilumi. Kila mtaa ulikuwa na ithembo lake, na mengine yalikuwa makubwa, ya nchi nzima. Ukiyaunganisha yote kwa mstari, unapata mtandao wa mahali pa sala uliofunika milima yote.

"Hapa pana moja," mzee alisema hatimaye, akigusa mchanga kati ya vijiwe viwili bila kuweka kitu. "Na hapa. Lakini pakae hivyo, mwanangu."

Pakakaa hivyo. Gari lilipokuja, alifuta ramani yote kwa kiatu, akaniaga, akapanda.

Kuna mahali pa ajabu ambapo hakuna anayepaficha. Mashariki mwa mji, kiasi cha kilomita 12, kwenye mteremko wa kilima cha Kituluni, pako Kyamwilu. Mwenye gari huzima injini, huachia breki, na gari huanza kujongea kama linalopanda mlima. Vijana wa pale humwaga maji barabarani, nayo yanaonekana kutiririka kwenda juu. Sababu iko machoni: vilima vinavyozunguka vinaficha upeo, na jicho likikosa mstari wa kulala linauona mteremko kinyume. Wenyeji wana maelezo yao ya watu wawili, Kyalo na Mwilu, waliozikwa pande mbili za barabara na ambao bado wanavutana. Nilimwaga chupa yangu ya maji pale. Niliijua sababu ya kisayansi vizuri, na bado moyo uliruka maji yalipogeuka. Hapa panastahili nafasi kwenye ramani, pamoja na makaburi yake mawili na maji yake yanayopanda, yakichorwa vile watu wanavyoyaona.

Na kuna Komarock. Ni jabali tupu karibu na barabara ya Kangundo, kabla ya Tala, na juu yake Wakatoliki wa Jimbo la Machakos wana mahali pa hija pa Bikira Maria. Mahujaji hupanda wakisali Njia ya Msalaba, kituo baada ya kituo, kinamama wazee wakishikwa mkono na wajukuu. Niliwatazama wakishuka, viatu vimejaa vumbi, nyuso zimetulia. Ukiwa juu ya jabali unaona Kilimambogo upande wa kaskazini, Iveti upande wa kusini-mashariki, na mabati ya Joska na Kamulu yakiwaka jua kuelekea Nairobi. Nani angethubutu kusema ramani takatifu ya Machakos ni jambo la mababu tu? Kila kizazi kinaongeza alama zake juu ya zile za zamani, kama Wanewar wanavyochora mahekalu ya Kihindu na stupa za Kibudha kwenye nguo moja.

Ramani zilizopo ni za aina nyingine. Zinavutia, na baadhi zilizaliwa kwa maneno ya watu wetu. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf alifika Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba, na ni kutokea huko ndipo alipouona Mlima Kenya wenye theluji mwezi Desemba. Miaka michache baadaye Jakob Erhardt, mmisionari mwenzake, aliwasikiliza wasafiri na wafanyabiashara wa pwani wakieleza njia za bara, akachora ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani hiyo ilipotolewa Ulaya mwaka 1856 watu waliifananisha na konokono asiye na gamba. Ziwa lile halikuwepo kwa umbo hilo, lakini maswali lililozusha ndiyo yaliyowatuma wavumbuzi Burton na Speke bara. Maneno ya Waswahili na ya watu wa bara yaligeuzwa karatasi na mtu mwingine, kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine.

Baada ya hapo zikaja ramani za mipaka. Ardhi ikagawanywa: hii ya walowezi, hii hifadhi ya Wakamba. Milima ya Mua ikawa mashamba ya matunda ya Wazungu. Wakamba wakabanwa na mifugo yao kwenye ardhi iliyozidi kuchoka, na serikali ikaamua kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza umati wa watu kutoka Machakos hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakidai mifugo yao. Serikali ilirudi nyuma kuhusu ng'ombe, lakini Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Leo barabara ya katikati ya Nairobi ina jina lake.

Maofisa wa wakati huo waliitazama Machakos wakaona nchi inayokufa. Hawakuona sawa. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichunguza wilaya hiyo na kitabu chao cha mwaka 1994 kikaonyesha kwamba watu waliongezeka kutoka kama 240,000 miaka ya 1930 hadi karibu milioni 1.4 mwaka 1990, na bado mmomonyoko ukapungua. Walioiokoa ardhi ni wakulima wenyewe, wengi wao kinamama wa mwethya, yaani vikundi vya kusaidiana kazi, waliochimba matuta ya fanya juu kilima baada ya kilima. Ukisimama Iveti leo unayaona matuta hayo yamejipanga hadi macho yanachoka. Nayo pia ningeyataka yachorwe, kila tuta na mstari wake, maana kwenye nchi hii jembe lilifanya kazi ya kuhifadhi kilichokuwa kikihifadhiwa kwa sala.

Hofu yangu ni hati miliki. Upimaji wa ardhi ulipofika vijijini, kila kipande kilipewa namba. Shamba lenye ithembo ndani yake lilipata namba kama shamba lisilo nalo. Mwenye shamba akifa, watoto wakagawana, mmoja akauza, mnunuzi akakata mti kwa sababu hakuna alama yoyote iliyomwambia asikate. Ramani ya serikali haikumdanganya. Ilinyamaza tu.

Sheria ya Kenya haijanyamaza kabisa. Kifungu cha 63 cha Katiba ya mwaka 2010 kinazitaja madhabahu pamoja na misitu na malisho miongoni mwa ardhi ya jamii. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ilipitisha mwaka 2017 azimio la kulinda maeneo matakatifu ya asili. Lakini ofisa wa ardhi hawezi kulinda asichoonyeshwa, na hapo ndipo kuchora kunapokuwa kazi ya lazima.

Majirani wameshaanza. Mwaka 2006 Waogiek wa Nessuit, kwenye ukingo wa Msitu wa Mau, walikusanyika wakatengeneza kwa mikono yao mfano wa msitu wao wenye milima na mabonde, wazee wakitaja majina na vijana wakiweka rangi na nyuzi: huu mto wa ukoo fulani, hapa mizinga, hapa mahali pa ibada. Tharaka, chini ya Mlima Kenya, wazee wamechora Mto Kathita na madhabahu zake kwenye karatasi kubwa, wakaiweka nchi ilivyokuwa kando ya nchi ilivyo sasa. Huko Buliisa, Uganda, kwenye Ziwa Albert ambako mafuta yanachimbwa, Wabagungu wamechora maeneo yao matakatifu na kuyapeleka mbele ya halmashauri ya wilaya. Na pwani, makaya ya Wamijikenda yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, misitu kadhaa iliyoenea kiasi cha kilomita 200. Hakuna kati ya hawa aliyengoja mtaalamu wa nje aje kumwambia patakatifu pake ni wapi.

Je, kuchora si kufichua? Swali hilo ni la haki, na mzee wa Mutituni alikuwa ameshalijibu kwa kidole chake. Kwenye nyumba na mahekalu ya Wanewar kuna chumba cha mungu wa siri ambamo huingia waliopewa ruhusa tu, na wachoraji wao, waliochora bonde zima, hawakukianika. Ramani nzuri yaweza kusema: hapa pana kitu, usijenge, usikate, na ukitaka kujua zaidi waulize wenyewe. Nafasi tupu iliyowekwa kwa makusudi inalinda kuliko nafasi ambayo hakuna aliyejua kwamba ipo.

Nilimalizia safari Wamunyu, mashariki mwa Machakos, kwenye barabara ya Kitui. Huku ndiko uchongaji wa Wakamba ulikoanzia kuwa biashara. Mutisya Munge, mwenyeji wa hapa, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, akajifunza kwa wachongaji wa huko, na aliporudi akawafundisha wenzake. Vinyago vya twiga na vya wapiganaji Wamaasai vinavyouzwa Nairobi, Mombasa na viwanja vya ndege vimetokana na ujuzi huo. Chini ya mwembe, mafundi walikuwa wamekaa kwenye vigoda, miguu imeshika gogo, tezo ikishuka kwa kipimo kilekile, tap, tap, vipande vyeupe vikiruka hadi kwenye mapaja. Mpingo na muhugu zimekuwa adimu, kwa hiyo wengi sasa wanachonga mwembe, mwarobaini na mjakaranda.

Nilimweleza fundi mmoja ninachofikiria: ubao mpana, Athi ukizunguka, Kyanzavi juu, Nzaui chini, Kyamwilu na maji yake, Komarock na mahujaji, Iveti na matuta. Hakushangaa hata kidogo. Aliweka tezo chini, akachora kwa mkaa juu ya kipande cha ubao akijaribu nafasi. Alisema mjakaranda hauna upana wa kutosha, itabidi mbao tatu ziunganishwe, na kiungo kipite kwenye mto ili kisionekane. Nzaui ungebaki umesimama, yaani angeacha mti mzito hapo na kushusha sehemu nyingine zote. Alitaka kujua matuta ya Iveti ni mangapi. Halafu akasema kazi kama hiyo hawezi kuanza peke yake, akamwita mzee mwenzake aliyekuwa akipiga msasa upande wa pili, mtu wa asili ya Mbooni, na wawili hao wakaanza kubishana kwa Kikamba juu ya mahali Mbooni inapoanzia na inapoishia, mkaa ukihama kutoka mkono huu kwenda mkono ule.